Apache na Nginx zinagombania poti 80: usifute seva, soma kwanza inachokuambia

Swali: Nimekodi seva ndogo yenye Ubuntu 24.04 ili niweke tovuti ya kurasa chache za HTML tupu. Nilisakinisha Apache (programu ya kuhudumia tovuti), ikafanya kazi. Baadaye nikaambiwa Nginx ina kasi zaidi, nikaisakinisha pia, lakini inagoma kuwaka. Nikisimamisha Apache, Nginx inawaka, ila kivinjari bado kinaniletea ukurasa wa Apache! Nilipoielekeza Nginx kwenye faili zangu zilizo kwenye folda yangu ya nyumbani, nikapata 403 Forbidden, hata baada ya chmod 777. Jana nimewasha ufw (fayawoli ya Ubuntu), na sasa kwenye simu tovuti haifunguki kabisa. Nifute kila kitu nianze upya?

Jibu: Usifute chochote. Na kabla hujaendelea kusoma, kama lile dirisha la SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ulilowashia ufw jana bado liko wazi, liache hivyohivyo. Andika ndani yake:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw status

Ufw ikiwashwa bila maagizo mengine, huruhusu kila kinachotoka na kuzuia kila kinachoingia. SSH nayo inaingia kutoka nje, kupitia poti 22 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba). Muunganisho uliokwisha kufunguka kwa kawaida hauguswi, ndiyo maana mtu hudhani mambo ni shwari. Ukishajitoa, kurudi huwezi.

Yalinikuta mwenyewe, usiku, kwenye seva ya mteja. Ufw iliniuliza waziwazi kama niendelee, maana amri hiyo huenda ikavuruga miunganisho ya SSH iliyopo, nami nikabonyeza y kama anayefukuza nzi. Nikaendelea na kazi dakika 40 bila tatizo lolote, nikafunga kompyuta, nikalala. Asubuhi seva haikunijibu. Kilichoniokoa ni konsoli ya dharura iliyokuwa kwenye akaunti ya kukodi seva ile. Tangu siku hiyo nikigusa fayawoli nafungua dirisha la pili la SSH, na la kwanza silifungi mpaka la pili likubali kuingia.

Haya, sasa swali lako. Una matatizo manne, na yamekuchanganya kwa sababu ukiwa kwenye kivinjari yote yana sura moja: tovuti haifunguki. Ombi la mtu anayetaka kuona ukurasa wako lina safari. Lazima lifike kwenye mashine, likute programu inayolisubiri, programu hiyo itambue ni tovuti gani inayotakiwa, kisha iwe na ruhusa ya kusoma faili. Likikwama popote kati ya hapo, seva huandika mahali fulani kwamba limekwama na kwa nini. Wewe umekuwa ukibadilisha vitu bila kusoma yaliyoandikwa, na hilo nakuelewa, maana miongozo mingi inafundisha amri za kunakili tu.

Tuanze na Nginx kugoma. Poti moja kwenye anwani moja husikilizwa na programu moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hapa ni poti 80, ambayo Apache ilishaingia kabla Nginx haijafika. Thibitisha mwenyewe, usiniamini mimi:

sudo ss -tlnp | grep ':80'

Utaona mstari kama huu:

LISTEN 0 511 *:80 *:* users:(("apache2",pid=912,fd=4))

Jina lililo ndani ya mabano ndiye mwenye nyumba. Halafu soma malalamiko ya Nginx yenyewe:

sudo journalctl -u nginx -n 30

Humo mtakuwa na mstari unaosema bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use). Ile 98 ni namba ya kosa kutoka kwenye kiini cha Linux, na maana yake ni moja tu: anwani hiyo imeshachukuliwa. Hakuna kilichoharibika. Hata ungesakinisha Nginx mara kumi, jibu lingekuwa lilelile.

Kwa hiyo chagua mmoja. Hapa niseme kidogo kuhusu ile habari ya kasi, kwa sababu imewahamisha watu wengi bila sababu. Apache ilianza mwaka 1995. Nginx iliandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, wakati ambapo kitendawili kilikuwa namna seva moja inavyoweza kushika miunganisho 10,000 kwa pamoja. Apache ya wakati ule ilimtengea kila mgeni mhudumu wake, na wahudumu wakizidi, kumbukumbu ya mashine inakwisha. Nginx ikaja na wahudumu wachache, kila mmoja akizungukia maelfu ya wageni. Lakini Apache nayo haikulala: moduli yake ya event, ambayo ndiyo ya kawaida unapoisakinisha kwenye Ubuntu leo, inafanya kitu kinachokaribiana na hicho. Kwa tovuti ya kurasa chache za HTML, hakuna mgeni wako atakayetambua tofauti. Kinachopaswa kukuongoza ni mambo mengine. Kama programu utakayoweka inategemea faili za .htaccess (maagizo ya Apache yanayowekwa ndani ya folda), baki na Apache, kwa sababu Nginx haizisomi hata kidogo. Itazipita kimya, na kama ulikuwa umeficha folda fulani kwa .htaccess, folda hiyo sasa iko uchi. Kama una faili tupu, au baadaye utataka seva iliyokaa mbele ya programu nyingine na kuipelekea maombi, Nginx ina usanidi mfupi na msafi. Mimi ningechukua Nginx kwa kazi yako, ila kwa sababu ya usanidi wake. Kasi sikuiweka kwenye hesabu.

Tukubaliane basi kwamba ni Nginx. Kusimamisha Apache kwa stop peke yake hakutoshi, kwa sababu seva ikiwashwa upya Apache nayo inaamka, na hapo ni mbio za nani atangulie poti 80. Fanya hivi:

sudo systemctl disable --now apache2
sudo systemctl enable --now nginx

Sijakuambia uiondoe kabisa. Iache wiki mbili. Ukiona huihitaji, utaiondoa kwa apt.

Sasa lile la kuchekesha, ukurasa wa Apache unaoletwa na Nginx. Si kivinjari kilichohifadhi ukurasa wa zamani, ingawa hilo nalo hutokea. Apache ilipoingia iliweka ukurasa wake wa salamu kwenye /var/www/html kwa jina index.html. Nginx kwenye Ubuntu inatumia folda hiyohiyo, na yenyewe ikaweka wake kwa jina index.nginx-debian.html. Fungua /etc/nginx/sites-available/default uone mstari wa index: index.html inatajwa mwanzo, ya Nginx mwisho. Kwa hiyo Nginx inafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, inachukua index.html na kukuletea, na ndani yake kumeandikwa sifa za Apache. Anayekupa barua si lazima awe aliyeiandika. Ukitaka kumjua aliyejibu, uliza vichwa vya jibu:

curl -I http://localhost

Mstari wa Server utakuambia nginx. Amri hii fupi nimeitumia kuliko kivinjari chochote, na nakushauri uizoee.

Tatizo la tatu ndilo lenye mafunzo mengi: 403. Fungua daftari la makosa, kisha dirisha jingine uombe ukurasa:

sudo tail -f /var/log/nginx/error.log

Kuna 403 za aina mbili, na kivinjari hakizitofautishi. Ukisoma kwamba directory index of "/home/…/tovuti/" is forbidden, maana yake Nginx imeingia kwenye folda, haikukuta faili ya kuanzia, na hairuhusiwi kuorodhesha yaliyomo. Mara nyingi faili imeitwa Index.html au index.htm, Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Lakini ukisoma kwamba index.html is forbidden (13: Permission denied), basi ni ruhusa, na kwa maelezo yako nina hakika ni hii.

Nginx huanza kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa sababu poti zilizo chini ya 1024 zimehifadhiwa kwa wenye mamlaka hayo, kisha kazi ya kusoma faili inawaachia wahudumu wanaoendeshwa na mtumiaji mnyonge anayeitwa www-data. Huyo ndiye anayegonga mlango wa folda yako ya nyumbani. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya ya nyumbani huundwa kwa ruhusa 750: mwenyewe anaingia, kundi lake linaingia, mwingine yeyote hapiti. Www-data ni huyo mwingine yeyote. Wewe uliweka 777 kwenye folda ya tovuti, yaani ulifungua chumba cha ndani huku geti la nje limefungwa. Amri hii inaonyesha njia nzima, geti kwa geti:

namei -l /home/jina/tovuti/index.html

Kila mstari ni hatua moja ya njia, pamoja na ruhusa na mwenye folda. Tafuta mstari ambao herufi ya mwisho ya ruhusa si x. Kwenye folda, x ndiyo haki ya kupita. Utakuta ni mstari wa /home/jina.

Wapo watakaokuambia ufungue geti hilo kwa chmod o+x. Litafanya kazi, na kuna mazingira ambayo ni sawa. Kwako sioni haja. Folda ya nyumbani ina funguo za SSH, historia ya amri ulizoandika, pengine na nywila zilizosahaulika kwenye faili fulani. Usiwapitishe wageni sebuleni kwenda jikoni wakati unaweza kuwajengea banda nje. Hamisha tovuti:

sudo mkdir -p /var/www/tovuti
sudo cp -r ~/tovuti/. /var/www/tovuti/
sudo chown -R $USER: /var/www/tovuti
sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +

Angalia kwamba mwenye faili ni wewe. Www-data anasoma tu, haandiki. Hilo ni la makusudi: siku mtu akipata upenyo kupitia seva ya wavuti, atakuwa na mikono ya www-data, na mikono hiyo haitaweza kubadilisha kurasa zako. Ile 777 ilikuwa inampa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine haki ya kuandika humo.

Sasa usanidi. Unda faili /etc/nginx/sites-available/tovuti uandike:

server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name example.org www.example.org;
    root /var/www/tovuti;
    index index.html;
    location / {
        try_files $uri $uri/ =404;
    }
}

Badilisha example.org uweke jina lako. Kisha:

sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/tovuti /etc/nginx/sites-enabled/
sudo rm /etc/nginx/sites-enabled/default
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx

Andika njia nzima kwenye ln -s kama nilivyofanya. Ukiandika njia fupi kutokana na mahali ulipo, kiungo kitaelekea hewani. Ile rm inaondoa kiungo tu, faili yenyewe inabaki kwenye sites-available. Na zoea kutumia reload badala ya restart. Ukikosea nukta-mkato ukapiga reload, Nginx inaukataa usanidi mpya na kuendelea na wa zamani, wageni hawajui lolote. Ukipiga restart, inazimwa kwanza, halafu inashindwa kuwaka, nawe unatafuta kosa huku tovuti iko chini.

Jambo moja la kukuweka macho kuhusu try_files: ikiwepo, tatizo la ruhusa linaweza kujitokeza kama 404 badala ya 403, kwa sababu Nginx ikishindwa kuchungulia faili inapita kwenye chaguo linalofuata, na chaguo la mwisho tumeandika =404. Niliwahi kupoteza mchana mzima nikitafuta faili "iliyopotea" ambayo ilikuwa mbele ya macho yangu. Daftari la makosa lilikuwa limeandika (13: Permission denied) tangu dakika ya kwanza.

La nne ni simu. Hapa kuna kipimo ambacho watu hawakitumii: angalia jinsi muunganisho unavyoshindwa. Simu ikizunguka na kuzunguka mpaka muda unakwisha, maombi yanatupwa kimya njiani, na hiyo kwa kawaida ni fayawoli. Ikikataliwa papo hapo, mara nyingi maana yake ombi limefika kwenye mashine na hakuna anayesikiliza poti hiyo, au anayesikiliza amefungwa kwenye 127.0.0.1 pekee. Wewe umewasha ufw, basi nategemea simu yako inazunguka. Tiba:

sudo ufw allow 'Nginx Full'

Hiyo inafungua 80 na 443 pamoja. Ikiendelea kuzunguka wakati curl ndani ya seva inajibu 200, tazama kwenye akaunti uliyokodia seva: wengi wana fayawoli yao nje ya mashine, na ufw haina habari nayo. Kwenye Fedora na ndugu zake kisa ni hichohicho ila majina hubadilika: Apache inaitwa httpd, poti hufunguliwa kwa firewall-cmd, na juu ya ruhusa za kawaida kuna SELinux, mlinzi wa ziada wa usalama, ambayo inaweza kukataa faili hata kama namei inaonyesha njia nyeupe, restorecon -Rv kwenye /var/www ndiyo hatua ya kwanza huko.

Ukiona ukurasa kwenye simu, usiache hapo kwa HTTP tupu, isiyosimbwa; pata cheti cha HTTPS kwa certbot. Jina la kikoa likishaelekea kwenye anwani ya seva:

sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d example.org -d www.example.org

Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na kifurushi hiki huja na kipima muda kinachokihuisha chenyewe. Jaribu sasa kama uhuishaji utafanya kazi, kwa sudo certbot renew --dry-run, usisubiri siku ya 90. Na usifunge poti 80 ukidhani 443 inatosha. Kwa njia hii wakaguzi wa cheti wanapita hapo.

Huenda ukashawishika kupakua msimbo wa Nginx ya karibuni kabisa na kuijenga mwenyewe. Usifanye hivyo. Kifurushi cha apt kinapata marekebisho ya usalama pamoja na mfumo wako, na Ubuntu ya seva huyaweka yenyewe kwa unattended-upgrades. Ulichojenga kwa mkono kitabaki vilevile mpaka siku utakapokikumbuka. Nimekuta seva za namna hiyo, zimejengwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi miaka mingi, na hakuna anayethubutu kuzigusa.

Mwisho kabisa, washa seva upya makusudi, mchana, ukiwa umekaa mbele yake: sudo reboot. Ikirudi, ingia uandike:

systemctl is-enabled apache2 nginx
curl -I https://example.org

Amri ya kwanza ijibu disabled halafu enabled, ya pili ijibu 200. Zikijibu tofauti, niandikie tena, na safari hii nitumie mistari 20 ya mwisho ya error.log pamoja na swali.